Shuka Zilizorudi Safi

Walimwita Kimya, na jina hilo hakupewa kwa ubaya. Alikuwa mfuaji katika hospitali ya umma, mwanamke wa miaka arobaini na sita, na kwa siku nzima maneno aliyosema ungeweza kuyahesabu kwa vidole na vikabaki. Aliyempachika jina hilo ni mwenzake wa kazi, ambaye naye watu walimwita Redio, kwa sababu ukishamfungulia asubuhi kumzima ilikuwa shughuli. Walifanya kazi pamoja miaka kumi na mmoja. Mmoja alisema, mwingine alisikiliza, na kila mmoja aliona amepata alichokuwa anakitafuta.

Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma kabisa ya majengo, jirani na tanuri la kuchomea taka. Kulikuwa na mashine mbili, moja nzima na moja ya kuwekea ndoo juu yake, beseni refu la saruji, na meza ya pasi iliyoungua pembeni. Shuka zikishakauka huhitaji watu wawili. Kila mmoja anashika ncha zake, mnavuta mpaka kitambaa kinyooke, mnasogeleana, mnakabidhiana, mnaachana tena. Redio alikuwa na mtindo wake: akija mbele anaanza habari, akirudi nyuma anaimalizia.

"Mume wa jirani yangu jana karudi nyumbani asubuhi," anasogea, "na viatu vya mtu mwingine," anarudi.

Basi siku moja Redio akaja mbele na hakurudi nyuma. Alisimama palepale na ncha za shuka mkononi, akasema kwa sauti ambayo Kimya hakuwahi kuisikia kwake, "Mwenzangu, mimi natoka damu. Na hedhi yangu imekoma mwaka wa tatu huu."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua."

"Nenda ukaonwe. Madaktari si hao hapo juu?"

"Nikalale mbele ya vijana ambao makoti yao nawafulia mimi? Wee! Haya ni mambo ya umri tu, yataisha. Na usimwambie mtu. Niapie."

Kimya akaapa. Na mtu asiyesema sana akiapa, ameapa kwelikweli.

Miezi saba Redio alinunua vidonge duka la dawa, akavaa vitambaa viwiliviwili, akaendelea kusimulia. Wengine walicheka habari zake kama kawaida. Kimya peke yake ndiye aliyeona kwamba siku hizi anasimulia huku ameegemea beseni. Mara mbili alifungua mdomo amwambie msimamizi, mara mbili akaufunga. Halafu asubuhi moja Redio akaanguka kati ya ndoo, wakambeba juu, na huko juu daktari akasema ni saratani ya mlango wa kizazi, nayo imeshatoka ilipoanzia. Tiba ya mionzi ilikuwa mji mwingine, na foleni yake ndefu kuliko siku alizokuwa amebakiwa nazo.

Alilala wodi ya wanawake wiki nane. Kila asubuhi mafurushi ya wodi yalishushwa chumba cha kufulia, na Kimya alizijua shuka za mwenzake bila kuambiwa. Hakuzitia mashineni. Alizifua kwa mkono, kwenye beseni, kwa maji ya baridi kwanza maana damu haipendi maji ya moto, polepole, kama mtu anayemwogesha mgonjwa mwenyewe. Mchana alipanda kumwona. Redio alikuwa amekonda hadi macho yamekuwa makubwa kuliko uso, na safari hii yeye ndiye aliyekaa kimya, na Kimya hakujua namna ya kuijaza nafasi ile.

Asubuhi moja furushi la wodi likaja bila shuka zile.

Msibani kila aliyeingia alirudia methali ileile: mficha maradhi, kifo humuumbua. Kimya alikaa kwenye mkeka karibu na mlango akiisikia. Methali ilimtaja aliyeficha. Haikusema lolote juu ya aliyemsaidia kuficha. Binti wa marehemu, mwanamke wa miaka thelathini na miwili anayeuza mitumba ya watoto sokoni, alikuja akamshika mikono miwili, akasema, "Mama mdogo, wewe ndiye ulikuwa naye kila siku. Kweli hata wewe hakukwambia?" Kimya akatikisa kichwa. Baada ya hapo ulipita muda mrefu bila kumtazama binti yule usoni.

Msimamizi aliahidi mfuaji mpya, na ahadi ikabaki ahadi. Kimya akajifunza kufunga ncha mbili za shuka kwenye nondo za dirisha na kuvuta upande wa pili mwenyewe. Shuka zilikunjika, ila mikunjo yake ilienda upande. Jioni alirudi kwenye chumba chake cha kupanga, akawasha jiko, akapika chakula cha mtu mmoja. Mumewe alikuwa ameondoka zamani, kwa miguu yake mwenyewe, wala hakuacha pengo kubwa. Mwanawe mmoja alikuwa dereva wa lori, akipiga simu pale barabara ilipompa nafasi. Zilipita siku ambazo Kimya alisema "ndiyo" asubuhi na "haya" jioni, na katikati hapakuwa na neno. Zamani kunyamaza kwake kulikuwa na wa kusema upande wa pili. Sasa kulikuwa kama kisima kilichoachwa wazi.

Ulipita mwaka na miezi kadhaa. Jumatatu moja mkunga mmoja akaingia chumba cha kufulia, mwanamke mnene, mchangamfu, viatu vyeupe vya mpira.

"Dada, nakuja kuomba. Wiki hii tunapima mlango wa kizazi, wanawake wa miaka thelathini mpaka hamsini. Bure, hakuna kulipa hata senti. Nataka shuka sitini kwa siku, kila mwanamke alalie yake."

Kimya akaelekeza rafu kwa kidevu. Mkunga akaanza kuhesabu, kisha akasimama.

"Na wewe umeshapimwa?"

"Mimi siumwi."

"Hata hao sitini hawaumwi. Ndiyo maana nawataka sasa. Wakishaanza kuumwa wanapelekwa kwa wenzangu wa wodini, na wenzangu wa wodini hawana kazi ya kufurahisha."

Kimya akaendelea kufunga kamba ya furushi. Mkunga hakumbana. Alijitwika shuka zake akatoka, akiacha maneno yake mle ndani kama mtu aliyesahau mwavuli.

Siku ile Kimya hakwenda. Alijiambia ana kazi. Kisha akajiambia ukweli, kwamba anaogopa. Si kuogopa kuvua nguo tu, ingawa hilo nalo lilikuwepo. Aliogopa kukutwa na kitu. Aliogopa pia kutokutwa na kitu, maana hapo angetakiwa kuendelea kuishi, na mwenzake yuko chini ya udongo kwa jambo ambalo wote wawili walilijua.

Jumanne asubuhi shuka sitini zikarudi. Kimya alilifungua furushi kama alivyofungua maelfu, pua imejiandaa. Kwa miaka yote ile shuka ndizo zilizomweleza habari za hospitali. Alijua usaha na damu ya uzazi, na alijua jasho la homa. Alijua pia ile harufu ya wodi ya wanawake ambayo hakuna sabuni inayoimaliza kwa mara moja. Alizishika hizi moja moja. Hazikuwa na kitu. Zilikuwa na mikunjo tu, mikunjo ya mtu aliyelala dakika chache, akainuka, akavaa, akaenda zake. Nyingine zilikuwa na unyevu mdogo wenye harufu ya siki. Akazigeuza zote sitini, akitafuta. Alipoishika ya mwisho alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, shuka mapajani, akakaa hivyo mpaka mashine ikaacha kuzunguka.

Ijumaa, siku ya mwisho, alifunga mlango wa chumba cha kufulia saa nne asubuhi na kupanda juu.

Benchi lilijaa. Alikuwepo mfagia barabara na fulana yake ya kazi, na mama wa mboga aliyeacha biashara kwa dada yake. Alikuwepo pia mfanyakazi wa ndani aliyemwambia tajiri wake anakwenda kununua sabuni. "Nikirudi bila sabuni nitasema imeisha dukani," alisema, na benchi zima likacheka. Walikuwa hawajuani, lakini hofu iliwasogeza wakawa kama waliotoka nyumba moja. Mmoja aliuliza kama inauma. Aliyetoka ndani akajibu, "Inauma kuliko kung'olewa jino? Hapana. Inatia aibu kuliko jino? Eeh, hapo sawa." Wakacheka tena. Kimya alikaa mwisho wa benchi, mkoba mapajani, kicheko kikimfikia kama kinatoka nyumba ya pili.

Karani akamwita mezani kujaza kadi. Umri, kazi, mtaa. Kisha akauliza, "Mtu wako wa karibu? Wa kumpigia ikibidi."

Jina la Redio lilimfika Kimya mdomoni kabla hajafikiri. Akalimeza.

"Sina."

"Mama, kila mtu ana mtu."

Akatoa namba ya mwanawe, kijana ambaye Kimya hakuwahi kumwambia hata kwamba jino linamuuma.

Chumba cha kupimia kilikuwa kidogo, pazia la kijani, taa ya shingo ndefu. Juu ya kitanda palitandikwa shuka ambayo mikunjo yake ilienda upande. Kimya akaitambua, akapanda, akalala juu ya kazi ya mikono yake mwenyewe. Alitazama dari. Mkunga alikuwa akimwambia kila anachofanya kabla hajakifanya: sasa utasikia baridi, sasa vuta pumzi, legeza mapaja dada, mimi nimezaa watano, hakuna nisichokijua.

"Sasa napaka siki. Siki ya kawaida, kama ya jikoni ila imezimuliwa kwa kipimo. Tunasubiri dakika moja. Penye afya pataendelea kuwa na rangi yake. Penye tatizo pataota weupe."

Ilikuwa dakika ndefu. Nje benchi lilicheka jambo. Mkunga akasogeza taa, akainama, akanyamaza. Kimya, aliyezijua aina zote za kunyamaza, akajua hii ni ipi.

"Kuna nini?"

"Kuna kidoa cheupe. Kidogo." Mkunga akainua uso ili waonane. "Nisikilize vizuri, usije ukaondoka na neno ambalo sikulisema. Hii siyo saratani. Ni chembe zilizoanza kubadilika. Zikiachwa miaka, nyingine hupona zenyewe, nyingine hugeuka saratani, na hakuna anayejua zipi. Kwa hiyo hatuziachi. Nina kifaa hapa cha joto, nazichoma leo hii, sasa hivi, ukikubali. Utasikia tumbo kukaza kama siku za hedhi. Halafu unakwenda nyumbani."

"Leo hii?"

"Leo hii. Bila kulazwa, bila kisu."

Kimya akakubali. Tumbo lilikaza, jasho dogo likamtoka juu ya mdomo, akahesabu vigae vya dari, na kabla hajafika mwisho wa mstari mkunga akasema, "Tayari." Na ilikuwa tayari kweli. Hapo ndipo Kimya alipoanza kulia. Kifaa hakikumliza. Kilichomliza ni lile neno "tayari", udogo wake.

"Kuna maumivu?"

"Nilikuwa na mwenzangu," Kimya akasema.

Mkunga akatazama mlango, ambako wanawake tisa walikuwa wakisubiri. Akasema, "Sema tu, nasafisha vyombo." Na Kimya akasema. Alisema yote, damu, kiapo, vidonge vya duka la dawa, shuka za maji ya baridi. Alisema maneno mengi kuliko aliyosema mwaka mzima, mengine yakatoka bila mpangilio, na mkunga akavisafisha vyombo vilevile mara mbili. Mwisho Kimya akauliza, "Angelala hapa kama mimi, lingeonekana doa?"

"Miaka michache nyuma, pengine. Sikumpima, siwezi kukuapia." Akaweka chombo chini. "Lakini damu ilipoanza, pengine ilikuwa imeshachelewa hata ungepiga kelele. Hilo pia siwezi kukuapia. Utabaki nalo hivyohivyo, dada. Pole."

Kisha akampa maelekezo: majimaji yatatoka wiki kadhaa, asiogope, awe msafi, akiona damu nyingi au homa arudi upesi, na asilale na mume wiki sita.

"Wiki sita?" Kimya akafuta macho. "Nina miaka kumi na minne ya akiba."

Mkunga akacheka mpaka akashika kitanda. Alimwandikia kurudi baada ya mwaka, akamwambia kwamba kuanzia sasa upimaji utakuwa kila Jumatano.

Jioni ile Kimya alikaa kitandani kwake na habari mkononi, hana wa kumpa. Alimpigia mwanawe. Nyuma ya sauti ya kijana kulikuwa na mngurumo wa injini.

"Mama? Kuna nini? Mbona umepiga wewe?"

"Hakuna. Nilipimwa leo hospitali. Wakakuta kitu kidogo, wakakitoa. Niko salama."

"Kitu gani?"

"Mambo ya kike."

"Sawa, mama," kijana akasema kwa aibu. "Umekula?"

"Nimekula," alidanganya. Wakaagana. Alibaki ameishika simu mpaka ikapoa.

Jumapili alikwenda sokoni. Binti wa Redio alikuwa amekaa katikati ya marundo ya vinguo, akitundika kigauni kwenye kamba. Alipomwona akasimama kwa furaha, "Mama mdogo! Ulipotelea wapi?" Furaha hiyo ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko kitanda cha hospitali.

"Nimekuja na maneno mawili," Kimya akasema. "La kwanza ni baya. Siku ile msibani uliniuliza kama mama yako aliniambia. Aliniambia. Miezi saba kabla hajaanguka. Aliniapisha, nikanyamaza."

Binti alikitoa kigauni kwenye kamba, akakikunja, akakikunjua.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Tukila pamoja kwako sikukuu, ulijua. Mimi namtania amekonda kwa sababu ya kusema sana, na wewe umekaa hapo unajua."

"Ndiyo."

"La pili ni lipi? Sema uende."

"Hospitali wanapima kila Jumatano. Bure. Mimi nilikuwa na kidoa, wakakichoma palepale. Wewe una miaka thelathini na miwili na watoto wawili. Nenda kabla hujaumwa. Nichukie, lakini nenda."

"Nimesema uende."

Kimya akaenda. Nyuma yake alimsikia mteja akiuliza bei ya soksi na binti akijibu kwa sauti ya kawaida, sauti ya mama yake kabisa.

Jumatano ya kwanza hakumwona. Ya pili hakumwona. Yeye mwenyewe alikuwa akipanda sasa kila Jumatano kupeleka shuka, na mkunga alikuwa amemwomba jambo: awaambie walio kwenye benchi ilivyokuwa kwake. "Mimi wakinisikia wanasema ni nesi huyu, kazi yake kutisha watu. Wewe watakuamini." Kimya alikataa mara mbili. Mara ya tatu alikuta mwanamke mmoja ameinuka anaondoka, mkoba kwapani, akasema bila kujua kama angesema, "Dada, kaa. Mimi nafua shuka za wodini na shuka za humu. Najua tofauti yake." Yule mwanamke akakaa. Kimya akaeleza kwa maneno machache, maana kipaji cha kusimulia hakukirithi kwa Redio, lakini benchi zima lilimsikiliza.

Jumatano ya sita binti wa Redio alikuwepo. Hakuwa peke yake, alikuja na wauzaji wengine wawili wa mitumba. Kimya alipotokea na mzigo wa shuka macho yao yakakutana. Binti akayashusha kwenye kadi yake. Kimya akasema aliyozoea kuwaambia wote, wala hakumtazama tena, kisha akashuka kazini na kusimama mbele ya beseni bila kufua kitu. Karibu saa moja baadaye binti alipita kwenye uchochoro wa chumba cha kufulia, akasimama mlangoni.

"Sina kitu," akasema. "Wameniambia nirudi baada ya miaka mitatu."

"Mungu mkubwa."

"Sijaja kukusamehe, mama mdogo. Bado siwezi. Nimeona tu usikae hujui."

"Nashukuru, mwanangu."

Binti akatazama beseni, mashine nzima na mashine mbovu, mahali ambapo mama yake alisimama miaka kumi na mmoja. Hakuingia. Aliaga kwa kichwa, akaenda, na wenzake wakamlaki nje kwa kelele wakiulizana nani kalia na nani hakulia.

Mwaka ulipotimia Kimya alilala tena chini ya taa ya shingo ndefu. Mkunga alipaka siki, wakasubiri ile dakika, na rangi ikabaki ileile.

"Safi," mkunga akasema. "Dada, safi kabisa."

Alivaa, akatoka. Kwenye benchi kila mwanamke alikuwa na mwenzake wa kumnong'oneza. Kimya alipita katikati yao, akawaaga, akashuka ngazi ndefu kwa hatua zake mwenyewe. Hakuna aliyekuwa akimsubiri chini. Kulikuwa na jua, na nguo za wodi kwenye kamba zilikuwa zimekauka. Alisimama hapo kitambo, mkono tumboni, mwanamke mzima, hai, asiye na wa kumwambia. Kisha akaanza kuzianua.